Doa la Njano

Lenzi alikuwa binti mwenye mkono mwepesi na roho ya woga, na vitu hivyo viwili havikai vizuri ndani ya mtu mmoja. Mkono ulimtuma kupiga picha kila kilichomvutia barabarani; roho ilimtuma kukifuta baadaye. Ndiyo maana picha zake zilikuwa vile zilivyokuwa. Alipanda juu ya paa la jengo fulani, akapiga mtaa mzima, kisha akarudi chumbani kwake, akafungua kompyuta na ile kalamu yake ya kuchorea, akaipaka picha rangi mpaka ukadhani mtu kaichora kwa brashi. Nyuso alizivuruga zote. Vibao vya maduka alivifuta, namba za nyumba alizifuta, na nyaya za umeme ndiyo usiseme, alikuwa na ugomvi nazo. Palipokuwa patupu alijaza kwa kuazima. Anga la Jumatatu alilitandika juu ya barabara ya Alhamisi, na mti wa mtaa mwingine ukahamia hapo bila hata kung'olewa.

"Una uongo mtamu wewe," dada yake alimwambia siku moja akicheka.

Dada huyo ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, na ndiye aliyekuwa mafichoni. Tusizungukezunguke. Alikuwa ameolewa na fundi wa kuchomelea mageti na grili za madirisha, mtu mpole mbele za watu, mwenye salamu ndefu na kicheko cha chinichini. Mpole huyo alimvunja mkono mara ya kwanza kwa sababu ya chumvi, na mara ya pili bila sababu yoyote. Mara ya tatu alishika chuma cha moto karibu na shavu lake, akamwambia polepole, "Ukinikimbia nitakutafuta. Na nikikupata, hutakimbia tena." Walikwenda kuripoti polisi, wakaambiwa hayo ni mambo ya ndani, waende wakaelewane. Basi dada akatoka na mfuko mmoja, akapanga chumba ghorofa ya tatu, upande mwingine kabisa wa mji, akabadilisha namba ya simu, na mchana kutwa akawa anaizima. Aliyejua anapoishi alikuwa mmoja tu, Lenzi.

Na Lenzi, jamani, akapiga picha dirisha lake!

Msimwone mjinga. Au mwoneni tu, ni haki yenu. Mvua ilikuwa imekatika, barabara inang'aa, yeye yuko juu ya paa la jengo linalotazamana na pale, mara dada akatokea dirishani na gauni lake la njano kukung'uta shuka. Njano ile, katikati ya kuta za kijivu! Mkono ukabonyeza kabla roho haijasema neno. Wiki nzima alikaa akimvuruga dada yake kwenye kompyuta mpaka asibaki na uso wala mikono, akawa doa la njano lisilozidi ukucha wa kidole gumba. Akajiambia kwamba pale hapana mtu tena. Picha ikapendwa, ikachapishwa kubwa kama mlango, ikatundikwa kwenye ukumbi wa maktaba pamoja na nyingine kumi na moja. Tamaa mbele, mauti nyuma. Waliosema hivyo hawakusema kwa kukosa kazi.

Siku ya tatu ya maonyesho, saa nane mchana, Lenzi alikuwa ananyoosha picha moja iliyopinda ukutani, akasikia nyuma yake, "Shemeji! Za siku nyingi?"

Akageuka.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba, mama. Nimeitwa kupima geti la nyuma hapa, nikaona jina lako mlangoni. Nikasema, nipite bila kumpongeza shemeji yangu? Hapana."

Akaanza kupita picha moja baada ya nyingine, mikono kaifunga nyuma, anatikisa kichwa kwa heshima. Lenzi alimfuata kama mtu anayesindikiza jeneza. Kwenye ile picha ya njano fundi akasimama. Akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi. Kisha akanyoosha kidole, kidole chenye vijialama vya cheche tangu ncha hadi kiganjani.

"Hii grili ni yangu."

"Ipi?"

"Hii ya dirishani. Ua la majani matano. Jani la tano huwa nalipinda kushoto kidogo, ndiyo sahihi yangu. Fundi mwingine hana habari nalo."

Lenzi akatazama, na kweli. Mitaa mizima aliivuruga, watu wote aliwafuta, lakini ua lile alilichora kwa brashi ndogo kuliko zote, jani kwa jani, kwa sababu lilikuwa zuri na kwa sababu lilikuwa chuma tu. Nani angeogopa chuma?

"Niliifunga wapi hii?" Fundi alifumba jicho moja. "Maua haya nimefunga nyumba nyingi... Usiniambie. Nitakumbuka mwenyewe." Kisha kidole kikashuka. "Na huyu wa njano ni nani?"

"Hamna mtu, shemeji. Ni rangi tu."

"Rangi tu." Akacheka kile kicheko chake. "Dada yako alikuwa na gauni la njano. Ukimwona, msalimie."

Akatoka bila haraka. Simba mwenda pole ndiye mla nyama, na huyu alikwenda pole hata kwenye ngazi.

Lenzi alipiga simu. Haipatikani. Akapiga tena, haipatikani, na alijua fika kwamba haitapatikana mpaka jioni, akaipiga mara ya tatu vilevile. Alimwona fundi akilini, amekaa juu ya pikipiki yake, anahesabu nyumba kwa vidole: ile hapana, ile hapana, ile... Angekumbuka baada ya saa moja? Baada ya dakika tano? Akaacha kamera yake juu ya meza ya maktaba, kamera ambayo kwa miaka tisa hakuwahi kuiacha hata akienda msalani, akatoka mbio, akadandia pikipiki ya kwanza ya abiria.

"Kimbiza, kaka. Nakuomba, kimbiza."

"Dada, mimi nina watoto," dereva akasema, lakini akakimbiza.

Walipita maduka ya vipuri, wakapita daraja, wakakata kwenye gereji za magari mabovu. Mtu huyu aliyezoea kuona hata tone la mvua kwenye kamba ya nguo, hakugeuka nyuma hata mara moja.

Jengo la dada lilikuwa na geti la chuma ambalo kila mpangaji alikuwa na ufunguo wake. Dada alimpa Lenzi wa akiba. Chini palikuwa na dobi, mzee mwenye mikono minene na mdomo usiotulia.

"Leo unakimbizwa na nani?" dobi akauliza, pasi hewani.

Lenzi akampita mbio. Alipanda ngazi mbili mbili, akagonga kama walivyokubaliana: mara mbili, kimya, mara moja. Dada akafungua, mdomoni kabana uzi. Siku hizo alikuwa akiwashonea watu wa kiwanda cha mashati vifungo, na kitanda kizima kilijaa mashati meupe. Kilikuwa chumba kidogo chenye ndoo, jiko la gesi na kalenda, lakini ndicho chumba cha kwanza baada ya miaka saba ambamo alilala macho yote mawili yakiwa yamefumba.

"Ameona grili yako," Lenzi akasema akihema. "Kwenye picha. Nilikupiga picha, dada, nisamehe, nilikufuta lakini grili sikuifuta. Ameitambua. Atakumbuka nyumba wakati wowote. Chukua vitu vyako, twende."

"Grili gani?"

"Ya dirishani!"

Dada akautoa uzi mdomoni. Akaligeukia dirisha, akalitazama, akamtazama mdogo wake.

"Mdogo wangu, dirisha langu lina grili tangu lini?"

Halikuwa nayo. Lilikuwa na mbao mbili tu, na kamba ya kuzifungia upepo ukivuma. Ndipo Lenzi akakumbuka. Dirisha lilionekana tupu mno kwenye picha, akalitafutia kitu. Akafungua picha ya zamani ya mtaa mwingine, akaikata grili ya nyumba ambayo hakujua hata mwenyewe ni nani, akaibandika, akapitisha brashi juu. Alikuwa ameiazima, kama alivyoazima anga!

"Una uongo mtamu wewe," dada akasema, na kicheko kikamtoka. Lenzi naye akacheka, akajiziba mdomo, akakaa juu ya mashati. Fundi aende huko akakumbuke. Aende akagonge mlango wa watu upande ule wa mji, afukuzwe na mbwa.

Dada, kwa mazoea yake, hakusimama mbele ya dirisha bali pembeni yake, akachungulia chini. Kicheko kikakatika.

"Lenzi," akasema. "Umekuja na nani?"

Ng'ambo ya barabara, chini ya kivuli cha duka, fundi alikuwa amekaa ubavu juu ya pikipiki yake, anafuta kofia yake ya pikipiki kwa leso. Alikuwa akilitazama geti, kisha madirisha, moja moja, kwa subira. Kumbe hakuwa na haja ya kukumbuka nyumba yoyote. Alichohitaji ni kumtia mtu mmoja hofu, kisha kumfuata. Picha haikumwonyesha kitu. Aliyemwonyesha alikuwa Lenzi, kwa miguu yake mwenyewe.

"Ni mimi," Lenzi akasema. "Dada, ni mimi nimemleta."

Dada hakumpiga, wala hakulia. Alikuwa ameishi na hofu muda mrefu mno kiasi cha kuijua kama mtu anavyojua jiko lake. Alichutama, akavuta mfuko uliokaa tayari chini ya kitanda, kisha akaling'oa gauni la njano msumarini.

"Utalia baadaye. Vaa hili."

"Kwa nini?"

"Hajui niko chumba gani. Akiliona gauni dirishani, macho yake yatabaki hapo. Wewe kung'uta shuka, ficha uso, halafu mgeuzie mgongo. Mimi napita kwa dobi, ana mlango wa nyuma. Nikishapanda basi nitakubipu mara moja. Usipokee. Usinipigie."

"Unakwenda wapi?"

Dada akamshika mashavu yote mawili, kama alivyokuwa akimshika zamani akimfuta makamasi.

"Safari hii hata wewe usijue."

Lenzi alitaka kukasirika. Hasira haikuja, maana dada alikuwa na haki. Mlango ukafungwa, akasukuma komeo, akavaa gauni. Lilimpwaya mabegani na lilinukia sabuni ya dada yake.

Akafungua mbao za dirisha. Akainua shuka mbele ya uso, akaikung'uta mara moja, mara mbili, kisha akageuza mgongo na kusimama. Alihisi yale macho mgongoni kama joto la pasi. Chini akasikia hatua zinavuka barabara, akasikia geti, na mpangaji fulani mwenye adabu zake anasema, "Pita tu, kaka, karibu." Adabu nazo zina siku zake za kuua.

Ghorofa ya kwanza. Ya pili. Hatua hazikuharakisha.

"Hodi," fundi akasema nje ya mlango. "Mke wangu. Nimekutafuta sana."

Lenzi alishika simu kwa mikono miwili. Kutoka kwa dobi mpaka kituoni ni dakika tano kwa mwendo wa kawaida, na dada asingekimbia, anayekimbia hutazamwa.

"Nimeliona gauni. Fungua tuzungumze."

Kisha bega likagusa mlango, kwanza kwa kujaribu tu.

"Komeo hili jepesi," ile sauti ikasema kwa huruma. "Ningekufungia zuri zaidi."

Bega likaja tena. Skrubu moja ikatoka kwenye mbao, ikaanguka, ikabiringika mpaka kwenye kidole cha mguu wa Lenzi. Alitaka kupiga kelele, lakini akipiga kelele sauti itamfichua, na fundi atageuka na kuteremka upesi kuliko basi lolote. Akauma shuka. Skrubu ya pili ikaanza kulegea, akaiona ikizunguka.

Simu ikaita mara moja, ikanyamaza.

Ndipo akaitema shuka. "Shemeji!" akapaza sauti, na jengo zima lazima lilimsikia. "Humu hamna mtu! Ni rangi tu!"

Alikuwa akimsikia mtu yule akipumua, upande wa pili wa mbao, karibu kabisa. Kisha kutoka ngazini ikaja sauti ya dobi, "Bwana, unatafuta nguo zako? Mbona kwangu ni chini?" Alikuwa amepanda na pasi yake ya moto mkononi, inatoa moshi, na milango ikaanza kufunguka mmoja mmoja, watu wanauliza kuna nini. Hatua zikashuka. Zilishuka polepole, kama zilivyopanda.

Lenzi alikaa sakafuni ndani ya gauni la dada yake. Kwenye simu ilikuwapo namba ya dada, simu moja ambayo haikupokelewa. Fundi atarudi, kesho au mwezi ujao, atamwuliza kwa upole, na yeye alijua jinsi roho yake ilivyo ya woga.

Akabonyeza, akaifuta namba. Hakuwa ameikariri.