Mhariri Aliyekuja Kuandika Barua

Dirisha namba nne lilifunguliwa saa tatu kasorobo asubuhi, na mwandishi alikuwa wa sita kwenye foleni. Alivaa koti la mama yake kwa sababu lake lilikuwa halijakauka, na kwapani alibana bahasha yenye vyeti vyake vyote. Ofisi hiyo ilikuwa ya kuwapa hifadhi ya mwaka mmoja waandishi wa habari waliokimbia nchi zao. Ilikuwa na viti kumi na viwili, kalamu mbili zilizofungwa kwa kamba, na bango ukutani lililosema: Hauko Peke Yako.

Karani alikuwa mwanamume mpole mwenye miwani. Alizipitia karatasi moja moja. Kitambulisho cha gazeti kilikuwa kimekwisha muda. Habari yenyewe, ile iliyomkimbiza mwandishi, haikuonekana popote, maana gazeti lilifungwa na tovuti yake ikafutwa. Kwa hiyo mwandishi akamsimulia. Waziri alinunua mitungi ya oksijeni kutoka kwa shemeji yake, mitungi ikafika hospitalini ikiwa mitupu, na watoto wachanga kumi na mmoja wakafa ndani ya wiki moja. Aliwaandika wote kwa majina. Wanne walikuwa hawajapewa jina bado, na hao aliwaandika kwa majina ya mama zao.

Karani akasema pole. Akaeleza kwamba kinachotakiwa ni barua ya mhariri, ithibitishe kuwa habari ilitoka na kuwa ilimtia mwandishi hatarini.

"Mhariri wangu walimuua," mwandishi akasema. "Alikutwa kwenye bwawa la maji ya mji, siku tatu baada ya gazeti kutoka."

"Pole sana, dada. Ila barua lazima aandike mwenyewe. Ya ndugu hatupokei."

Mwandishi na mama yake walipanga chumba kimoja nyuma ya kiwanda cha magodoro. Mama alikuwa anashona kifungo aliposimuliwa, na hakuuacha uzi. Alimkumbuka mhariri vizuri. Ndiye aliyekuwa akipiga simu wakati wa kula kuuliza kama neno fulani lina uhakika. Mtu yule, mama akasema, hakukosa kazini hata alipokuwa na homa. Akisikia kuna sentensi inamngoja, atakuja. Akainuka, akajaza maji kwenye beseni la kufulia, akayainamia na kumweleza mhariri shida ilivyo, mtaa, namba ya dirisha, na kwamba awahi, kwa kuwa foleni hujaa mapema.

Alhamisi walimkuta ameshafika. Alikuwa amekaa kiti cha mwisho na kikaratasi cha namba kumi na nne mkononi, shati limemgandia mwilini, kiatu kimoja. Maji yalimtoka polepole yakatengeneza kidimbwi chini ya kiti. Mama akamwamkia kwa kumpa pole ya safari. Mfanyausafi alipopita na dekio alimwomba anyanyue miguu, naye akanyanyua.

Jambo la kwanza alilosema lilihusu sarufi ya bango. "Mkoba ndio hauko," alimwambia mwandishi. "Mtu huambiwa 'huko'. Hapo wanazungumza na mikoba."

Aliandika barua ya ukurasa mmoja na nusu, kisha akakata vivumishi viwili. Karani aliianika mbele ya feni ikauke, akaisoma yote, akasema imeandikwa vizuri. Akaomba kitambulisho. Mhariri akajibu kuwa walikichukua kabla ya kumtia majini. Alichokuwa nacho ni cheti cha kifo, kimekunjwa mara nne mfukoni. Karani akakinyoosha kwa kiganja, akalinganisha tarehe, na hapo tatizo likaonekana. Barua iliandikwa mwaka mmoja na miezi miwili baada ya kifo. Haiwezi kuhesabika kuwa ya mhariri aliye kazini.

Lakini cheti chenyewe kilimvutia. Katika miaka yote aliyokaa dirisha namba nne, alisema, watu humletea vitisho vya simu, picha za milango iliyovunjwa, makovu. Vitu ambavyo kamati huviona havitoshi. Huu ulikuwa ushahidi kamili wa kuwa hatarini. Akaingiza taarifa kwenye kompyuta. Mwandishi alikuwa na alama za hatari thelathini na moja kati ya mia. Mhariri alipata tisini na nane.

"Mzee, ungependa kuomba nafasi wewe?" karani akauliza.

"Mimi silali wala sili," mhariri akasema. "Mpeni huyu. Yuko hai."

Karani akakubali kwamba ndiyo shida. Nafasi haihamishwi kwa mtu mwingine, na mfumo umeshampokea.

Hivyo mhariri akapewa chumba chenye dirisha kubwa kwa mwaka mmoja, kompyuta mpya, ushauri nasaha wa kumsaidia kupata usingizi, na mafunzo ya siku tano ya namna ya kujilinda. Alihudhuria, kwa kuwa mahudhurio yalisainiwa. Mkufunzi alimshauri abadilishe njia ya kurudi nyumbani kila siku na asikae karibu na maji.

Wageni waliruhusiwa kwa muda wa saa mbili tu, mchana. Mwandishi alitoka kazini, kwenye hoteli alikoosha vyombo, akaja moja kwa moja na vidole vimekunjamana kama vya mhariri. Mama alikuja naye, akaweka kitambaa kwenye godoro lisilolaliwa na kulipiga pasi shati ambalo halikukauka kamwe. Mwandishi na mhariri waliandika habari upya. Mwandishi alitaka kumwita waziri muuaji. Mhariri akalifuta neno.

"Weka idadi ya mitungi," akasema. "Hasira mwachie msomaji."

Waliituma kwa magazeti tisa ya nje. Mawili yalijibu kwamba yataiangalia likitokea jambo jipya. Mwezi huohuo shemeji wa waziri alipewa zabuni ya hospitali nyingine mbili, na waziri akaonekana kwenye picha akikata utepe.

Mwenye nyumba alipowataka wahame, mwandishi alirudi dirisha namba nne. Mhariri alimsindikiza. Karani alimkumbuka, akamwuliza hali ya mama, akafungua faili. Alama zilikuwa zilezile.

"Faili lako hatujalifunga, dada," akasema kwa sauti ya kutia moyo. "Hali yako ikibadilika, njoo na cheti tu. Utahudumiwa siku hiyohiyo."

Mwandishi akauliza ibadilike vipi.

Karani akamtazama mhariri, kwa heshima. "Kama ya mzee hapa."

Watu kwenye foleni walisogea hatua moja. Mwandishi akaivuta kalamu ya ofisi hadi kamba yake ikakaza. Mhariri alimsogezea karatasi tupu, akiishika kwa pembe ili asiilowanishe. Mwandishi akaandika tarehe, saa, namba ya dirisha, na maneno ya karani yalivyotamkwa, bila kivumishi. Kisha akamwomba karani jina lake kamili na jinsi linavyoandikwa.

Karani akasema yeye si msemaji wa ofisi, akaita namba inayofuata.