Mama Ndiye Kituo cha Mwisho

Martini alifariki saa kumi na moja alfajiri, na ilipofika saa moja watu wanne walikuwa wanajua: daktari, nesi wa zamu, dada yake Veneranda, na Mjomba Gervasi kule Bangwe. Mama aliyemzaa hakuwemo. Ndivyo tulivyo, jamani. Mwenye uchungu kuliko wote ndiye anayeambiwa wa mwisho, na tunajisifu kwamba tumemhurumia.

Jioni iliyotangulia Veneranda ndiye aliyemlazimisha mama yao arudi nyumbani Ujiji. Mama Skolastika alikuwa amekaa siku tatu kwenye benchi la wodini, miguu imemvimba mpaka ndala hazimwingii. "Nenda mama, kanyooshe mgongo. Mimi nipo." Mama alimkazia macho, akasema, "Likitokea lolote, jema au baya, niambie wewe. Nisisikie kwa watu." Veneranda akajibu, haki ya Mungu, mama. Akaapa, na wala hakuwa amelazimishwa kuapa.

Basi asubuhi hiyo alisimama nje ya geti la hospitali, macho yamemvimba, akafungua ile app ya kuita gari. Akaandika Ujiji. Safari fupi, ya moja kwa moja, dakika ishirini hazifiki. Dereva akakubali: Hamdani, IST nyeupe, anafika baada ya dakika nne.

Ndani ya dakika hizo nne mjomba akapiga simu.

"Uko wapi?"

"Naenda kwa mama, mjomba."

"Peke yako? Una akili kweli? Mama yako ana presha. Umwambie, aanguke, utamdaka na nani? Unataka tuzike wawili? Tena mimi kaka yake nipo hai, dada yangu atapewaje habari kama hiyo na mtoto? Nipitie kwanza."

Presha ilikuwa ya kweli, na hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Mjomba Gervasi hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya, Veneranda angempuuza tu. Gari lilipofika alibonyeza alama ya kujumlisha, akaongeza kituo: Bangwe. Ujiji ikashuka mstari mmoja.

Hamdani alitazama simu yake akacheka. "Bangwe halafu Ujiji? Dada, hapo tunaenda mbele ili turudi nyuma. Lakini wewe ndiye bosi leo." Kisha akamwona usoni kwenye kioo. "Kuna nini, dada?"

"Mdogo wangu amefariki."

"Innalillahi." Akazima redio, akaelekeza gari Bangwe.

Bangwe walimkuta mjomba ndiyo kwanza anatoka kuoga. Halafu koti. Lilitafutwa koti la misiba kabatini, likatafutwa chini ya kitanda, likapatikana kwenye mkoba wa mkewe, likapigwa pasi. Mjomba mwenyewe wakati huo alikuwa kibarazani na taulo begani, anawapigia simu ndugu zao wa Kasulu. "Eliakimu, anzeni safari. Martini ametutoka. Ila sikiliza, mama yake bado hajui, funga mdomo." Akampigia mwingine, na mwingine, na kila mmoja alimwambia afunge mdomo. Siri ukishaipeleka Kasulu kwa simu tatu, ndugu yangu, bado unaiita siri?

Simu ikatetemeka mkononi mwa Veneranda, juu ya ile ramani. Mama.

"Usipokee," mjomba alisema. "Sauti yako tu itamwambia."

Veneranda akaiacha iite mpaka ikachoka. Aliona kama ameacha mtoto analia chumba cha pili. Alitamani kumpigia mjomba kelele, amwambie mama anataka sauti yangu, hataki koti lako. Lakini mjomba ni mjomba, na Veneranda alilelewa akaleleka.

"Sasa Agnesi," mjomba alisema akifunga mlango wa gari. "Mkubwa hawezi kupewa habari hii mdogo wake hayupo. Ongeza Kibirizi."

Akaongeza. Ujiji ikashuka tena.

Mama mdogo Agnesi walimkuta mwaloni Kibirizi, dagaa wake wametandazwa juu ya chanja na wingu zito limeshaanza kukaa juu ya ziwa. Mjomba alimwita pembeni. Kilichosikika baadaye ni kile kilio cha Kiha cha kumwita mama, "Mawe weee! Mawe!" na mama mzima akajitupa kwenye mchanga. Wanawake wenzake wakamkamata mikono. Alilia, akagaragara, kisha akainua kichwa, akatazama juu, akasema huku anahema, "Jamani, dagaa wangu, nani ataanua?" Mtu asimcheke. Msiba haungoji umalize kazi. Wenzake walianua, lakini ilichukua muda, na mjomba alisimama pale na koti lake akihesabu magunia kama karani.

Veneranda alibaki garini. Simu ikaita tena: Mama. Akaitazama mpaka ikanyamaza.

Hamdani alikohoa. "Dada, samahani, si mambo yangu. Hao wengine nitawafuata mimi mwenyewe baadaye. Ukishika hilo jina la Ujiji ukalivuta juu, linakuwa la kwanza. Tunaondoka sasa hivi, mimi na wewe. Huyo anayepiga si ndiye mama?"

"Ndiye."

"Basi vuta."

Aliweka kidole kwenye neno Ujiji. Likanyanyuka kwenye mstari wake, likafuata kidole, likapita Mwanga ambayo mjomba alishaagiza iongezwe kwa ajili ya Winfrida, nesi mstaafu mwenye mashine ya kupimia presha. Dakika ishirini tu. Angemkuta mama peke yake, angemshika, wangeanguka wote kama ni kuanguka.

Mlango ukafunguliwa. "Unachezea nini humo?" mjomba aliuliza.

"Hakuna kitu, mjomba." Akaondoa kidole. Ujiji ikarudi chini kabisa.

Hamdani aliwasha gari.

Pale Mwanga, Winfrida hakuwepo. Mwanawe alisema ameenda misa, anarudi sasa hivi, na sasa hivi ya mtu aliyeenda misa mnaijua. Mjomba akasema tumngoje, bila mashine ya presha hatuendi popote. Mama mdogo Agnesi alikuwa amejikunja kiti cha nyuma, kitenge mdomoni. Veneranda alitoka kusimama juani, na hapo ndipo simu ilipoita mara ya tatu. Ilikuwa saa nne kasorobo. Safari hii mjomba alikuwa mbali, anaongea na jirani. Hakuna aliyemwambia asipokee. Ilikuwa yeye na simu yake. Akawaza, nitamwambia nini? Nikishasema haloo nitakuwa nimeshasema yote. Akabonyeza pekundu, akaikata.

Haikuita tena. Aliposubiri robo saa nzima ikiwa kimya, alishusha pumzi akamshukuru Mungu. Kumbe mama amepata usingizi, alisema moyoni. Masikini, siku tatu hajalala.

Winfrida alikuja, akalia kidogo, akachukua mashine, wakaondoka.

Kona ya kuingia kwa mama, Hamdani alipunguza mwendo akasema, "Ya Rabi." Kochi kubwa la sebuleni lilikuwa nje. Meza ilikuwa nje, viti vimepandishwa juu yake, kabati la vyombo limesukumwa mpaka barazani. Hivyo ndivyo nyumba inavyotolewa vitu ili waombolezaji wapate pa kukaa. Lile kochi wanaume wawili hulibeba wakitukanana.

Hakukuwa na mtu mwingine pale. Majirani walikuwa shamba na sokoni.

Mama Skolastika alikuwa ndani, pekupeku, jasho linamtiririka, kanga kaifunga tumboni kwa nguvu. Alikuwa anatandika mkeka. "Karibuni," alisema.

Mjomba alinyoosha koti. "Dada, tumekuja kukuona. Hali ya Martini, unajua, imebadilika kidogo..."

"Gervasi. Martini amekufa. Eliakimu amenipigia saa tatu na nusu kunipa pole. Alidhani mpaka saa hiyo nimeshaambiwa. Akaniuliza tunazika lini. Nikamwambia sijui, ngoja nimuulize Veneranda."

Winfrida alisimama na mashine yake mkononi kama mtu aliyeleta zawadi nyumba siyo.

"Mama," Veneranda alisema. "Mama, nilikuwa nakuja. Nilikuwa nakuja tangu asubuhi."

"Ulikuwa unakuja," mama alisema. Hakusema kwa hasira, na afadhali angekasirika. "Ile simu ya mwisho sikukupigia kukuuliza kitu. Nilikuwa nimeshajua. Nilitaka kusikia mtu wangu analia na mimi. Nikasikia imekatwa."

Veneranda alitaka kusema ni mjomba, ni presha, ni Winfrida na misa yake. Lakini simu ile aliikata yeye, kwa kidole chake. Akaenda chini, akakumbatia miguu ya mama iliyovimba.

Mama Skolastika aliinama, akamgusa kichwani kidogo. "Mimi nimeshalia, mwana wanje, mwanangu. Lia wewe sasa."

Ndipo alipolia. Mama mdogo Agnesi akamshika bega, Winfrida akamshika mkono, mjomba akavua koti akapiga magoti, na wale wote waliopitiwa mmoja mmoja ili wamdake mama wakamdaka Veneranda. Mama Skolastika akachukua mkeka wa pili, akautandika mwenyewe.