Mstari wa Mia Nne na Kumi na Mbili

Kosa nililiona. Nasema mapema, maana hapa Dunda wanaonisengenya wanadhani lilinipita. Nililiona mwezi wa tatu, mstari wa mia nne na kumi na mbili, chai ya tangawizi iko mkononi.

Kazi yangu ni kukagua programu. Ofisi yetu ndogo inatengeneza mashine za kupima oksijeni ya mgonjwa: kibanio kidoleni, namba kwenye skrini, ikishuka mashine inalia. Kati ya kibanio na skrini kuna draiva, programu ndogo inayobeba namba. Draiva ile aliiandika Mwalimu Ferdinandi, aliyenifundisha kompyuta tangu sijui hata kuiwasha.

Draiva huazima nafasi kwenye kumbukumbu ya kompyuta, kama mtu anavyopanga chumba. Ukihama unarudisha ufunguo, basi. Ya Mwalimu, kibanio kikichomoka, ilirudisha chumba kisha ikaendelea kuchungulia mle mle na kusoma namba ya zamani. Mgonjwa angeweza kuzidiwa, skrini ikasema mzima.

Utaratibu wetu, kosa linaandikwa kwenye ukurasa wa ukaguzi, ofisi nzima inasoma. Sasa mimi Tabia nimwandikie Mwalimu "umekosea" mbele ya watu? Kwetu mkubwa humuumbui hadharani, unamvuta pembeni. Nikamvuta pembeni, mlangoni mwa ofisi, akiwa anavaa viatu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

"Ule mstari wa mia nne na kumi na mbili... labda ungeutazama tena, ukipata nafasi."

Akacheka. "Tabia, inafanya kazi. Nimeijaribu wiki nzima."

Nikasema haya, Mwalimu. Nikarudi mezani nikaandika: Imepita. Wanasema heshima si utumwa. Jamani, yangu ilikuwa utumwa mtupu. Mjinga mimi!

Mashine zikauzwa. Alhamisi iliyopita saa nne asubuhi, Scola, mwenzangu wa ofisini, akaniambia mkewe Mwalimu, Mama Klementina, kalazwa na nimonia kwenye zahanati moja upande wa Mlingotini.

"Bahati nzuri wamemwekea mashine yetu," akasema.

Sikuaga mtu. Nilipanda bodaboda nikimpigia Mwalimu njia nzima. Simu kaizima, mgonjwa asisumbuliwe.

Nilimkuta kando ya kitanda, uso umetulia kabisa.

"Tisini na saba," akaninong'oneza. "Tangu alfajiri haijashuka hata moja. Usimwamshe, ndiyo kwanza kalala."

Kibanio kilikuwa kwenye mkunjo wa shuka. Kidole cha Mama Klementina kilikuwa kitupu, midomo imegeuka rangi. Nilimshika mkono, wa baridi. Nikapiga kelele, muuguzi Arafa akaja mbio, akasikiliza kifua, akasikiliza tena, kisha akamvutia shuka usoni. Mwalimu alikuwa bado anaitazama skrini. Ilisema tisini na saba.

Jumamosi tukamzika. Jana nimeurekebisha ule mstari, dakika sita tu. Jioni Mwalimu akaniita kwake. Nilidhani atanitukana, na wallahi ningeshukuru. Aliniuliza tu:

"Ulikuwa umeliona?"

"Nilikwambia, Mwalimu. Pale mlangoni."

Akainama, akawa kama anautafuta ule mlango kichwani mwake. Mimi machozi yananitoka.

"Uliniambia kwa adabu sana, mwanangu," akasema. "Sikusikia."