Bia Nisiyoruhusiwa Kuihukumu

Tangu ile homa inilaze kitandani, pua yangu ilikuwa imekufa ganzi. Sisemi mafua, mafua huja yakaenda zake. Hii ilikuwa kimya kabisa: kitunguu, petroli, nepi za mtoto wa jirani, vyote hewa tupu. Kwa mwingine ingekuwa kero tu. Mimi kazi yangu ni kupika bia, na mpishi wa bia asiyenusa, afadhali akauze misumari.

Kiwanda chetu ni chumba kimoja kirefu nyuma ya duka la matairi, na wenyewe ni mimi na wifi yangu, dada wa mume wangu. Mimi napika, yeye anauza. Muda wote pua yangu ilipolala, wifi ndiye aliyeninusia. Kila asubuhi aliinamia pipa, akavuta hewa, akanieleza taratibu alichokipata: leo kuna tufaha bichi, leo kama mkate, leo sijui, dada, subiri ninuse tena. Mimi hasira zangu ziko karibu, kila mtu anajua. Nilimfokea kwamba hajui kueleza, naye akashusha pumzi na kuanza upya. Mwingine angeshanipiga na mwiko.

Karibu na siku ya mashindano ya bia ya kila mwaka harufu zikaanza kurudi, ila zimepinda; kahawa ilininukia raba. Nilikuwa nimealikwa kuwa jaji kama miaka mingine, nikamwambia wifi wazi: nikikaa pale mezani nisiambulie kitu, tutafute mpishi mwingine, mimi nihamie kwenye kuosha chupa. Alibisha sana. Nikamwambia kiwanda hakiendeshwi kwa pua ya kuazima, akakubali shingo upande.

Kiongozi wa meza yetu ya majaji tunamwita Bwana Povu, kwa kuwa hafungui mdomo mpaka povu la glasi litulie. Nilimweleza hali yangu mbele ya meza nzima bila kumficha. Akasema nikae, nionje, ila alama zangu atazilinganisha na zao kwanza. Zikipishana mno, hazitaingia. Niliona ni haki. Jaji wa tatu alikuwa daktari wa meno anayepika bia jikoni kwake, mtu anayejua kila kitu mpaka umuulize.

Tulipangiwa bia za ngano za mtindo wa Kimarekani. Glasi huletwa na namba tu, aliyepika hatajwi. Na kuna sheria moja isiyo na mjadala: ukiitambua bia yako, unasimama na kuondoka mezani. Mwaka huu wifi ndiye aliyepeleka bia yetu, kwa jina lake, na sikumuuliza kapeleka ipi kwa sababu jaji hatakiwi kujua. Nilidhani ni ile nyeusi, kama kawaida.

Glasi ya kwanza, patupu. Niliizungusha, nikazamisha pua mpaka povu likanishika, wapi. Ilikuwa kama kunusa dirisha. Niliandika alama za katikati kama mwizi, jasho likinitiririka mgongoni, nikaanza kuwaza zile chupa nitakazoosha.

Ya pili ikaletwa. Daktari akaionja, akakunja uso, akalalamika kwamba haina ndizi wala karafuu, eti bia gani ya ngano hii. Hapo ndipo nilipopandwa na hasira. Nilimwambia ndizi na karafuu akazitafute kwenye ya Kijerumani. Hii ya Kimarekani hamira inatakiwa inyamaze, mkate na hopi, yale maua machungu ya bia, ndio waongee, na hopi hii inaongea vizuri tu, si hilo hapo ganda la ndimu? Bwana Povu akatikisa kichwa kukubali. Ndipo nikashtuka. Nilikuwa nagombana kwa ajili ya ganda la ndimu nililolinusa mwenyewe.

Niliogopa hata kupumua kwa nguvu, lisije likakimbia.

Kisha ikaja glasi nyingine. Rangi ya majani makavu, ukungu mwembamba, povu jeupe linalong'ang'ania ukingoni. Nikainusa. Unga mbichi kwanza, halafu chungwa kwa mbali, halafu nyuma yake kabisa, mkate uliobabuka.

Nikainusa tena. Sisi kiwandani tunakaanga sehemu ya ngano kwenye chuma kikavu kabla ya kuipika, ni mtindo wangu mwenyewe, na huwa naiepua mapema. Hii ilikuwa imechelewa kuepuliwa. Namjua mmoja tu wa kuichelewesha hivyo: yule anayepiga soga ameupa moto mgongo, na ambaye kila asubuhi namkuta kwenye sinki akikwangua mkate wake ulioungua kwa kisu. Bia yenyewe sikuwahi kuinusa hata mara moja. Ilipikwa nikiwa nimesimama kando kama gogo, wifi akishika kila kitu.

Na ilikuwa nzuri, jamani. Nyepesi, safi, inamaliza kavu, unataka tena. Ningeweza kuipa alama za kufa mtu na hakuna ambaye angejua. Ningeweza pia kusimama, kumbe si yetu, na wote wakaona kwamba pua yangu inanidanganya. Hapo ndiyo ingekuwa basi, kazi kwisha. Nikapiga moyo konde.

"Hii siwezi kuihukumu," nilisema. "Ni ya kwetu."

Daktari akanikumbusha kwa upole, upole wa kukera, kwamba nilikuja pale pua haifanyi kazi. Bwana Povu akataka kujua nimeijuaje. Nikamwambia ngano imekaangwa, na imepitilizwa kidogo. Akaichukua glasi yake, akanusa kwa muda mrefu, akainuka kwenda nyuma ya pazia kwa mtunza namba. Nilikaa nikitazama meza. Aliporudi alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Toka nje, mama," alisema, akicheka. "Sheria ni sheria."

Wifi alikuwa kwenye korido, kakaa juu ya kreti tupu. Aliponiona natoka kabla ya wakati, uso ulimshuka. Akasimama, akaanza haraka haraka: si mwisho wa dunia, mpishi tutamtafuta ila bosi utabaki wewe, hakuna atakayekugusa.

"Uliunguza ngano," nilimwambia.

Siku nyingine angebisha mpaka jioni. Safari hii akanikamata bega.

"Umeinusa?"

"Mpaka pale ulipoipa mgongo ukawa unapiga soga."

Akajifunika uso kwa aproni na kulia, na mimi ambaye hata msibani huwa najikaza, nikalia naye. Nikamwambia asante. Nikamwambia asubuhi zote zile alizoinamia mapipa huku namfokea, sina cha kumlipa, kiwanda kimesimama kwa pua yake.

"Nusu nilikuwa nabahatisha," alisema ndani ya aproni.

Nilicheka mpaka nikaishika ile kreti. Halafu nikamvuta, nikamkumbatia kwa nguvu. Alinuka jasho na kimea, na nikabaki hapo hapo nimezika pua begani kwake, watu wakitupita.