Mkeka Wenye Mgongo

Jana usiku niliota msumeno wangu umegoma kukata mbao, tena umegoma kwa adabu.

"Shikamoo fundi," uliniambia. "Hizi si mbao za paa la jiko la Mama Shani? Unazikatia nini?"

Nilishtuka, si kwa sababu msumeno unasema, bali kwa sababu umesema kweli. Mke wangu anapika mvuani mwaka wa saba huu, na mbao zile nilimwahidi yeye. Nikaueleza kwamba nimebuni mkeka wenye mgongo: mkeka wa kawaida, nyuma yake kibao cha kuegemea, kwa wanaokaa chini kutwa nzima msibani. Kesho natengeneza sitini kwa mpigo. Wateja ninao. Niliwauliza watu arobaini kwenye matanga ya Mzee Semboja, na wote arobaini walisema ndiyo.

"Zilete hizo ndiyo," msumeno ukasema.

Mlango unafunguka. Zinaingia ndiyo arobaini. Kila moja ni mdomo mtupu unaoelea usawa wa kifua changu, bila uso wala mikono.

"Kitu kizuri sana hicho, fundi," zinasema kwa pamoja. "Hongera. Tutachukua, Mungu akijalia."

"Basi chukueni."

"Kwa mikono ipi?"

Nageuka kuuliza msumeno, karakana haipo. Nimekaa msibani kwa Mzee Semboja, na marehemu mwenyewe yuko pembeni yangu anakunywa kahawa. Nilishiriki kumzika Jumanne, koleo nilishika mwenyewe. Sikuthubutu kumuuliza anafanya nini pale. Kumhoji mtu kwenye msiba wake ni utovu wa adabu.

"Uliwauliza watu kwenye matanga yangu?" akasema. "Fundi, hapa hata ungewaomba meno wangekubali. Nani atakukatalia mbele ya wafiwa?"

"Lakini migongo inawauma, mzee. Nimewaona kwa macho yangu."

"Umewaona wamekaa wapi?"

Natazama. Watu wote arobaini wameegemea ukuta. Ukuta ukakohoa, ukadondosha chokaa kidogo.

"Mimi ndiye unayeshindana naye," ukasema. "Nimebeba migongo yao miaka thelathini na sijamtoza mtu. Wewe unakuja na nini?"

Misiba yote niliyohudhuria, sikuwahi kuufikiria ule ukuta.

Mzee Semboja akaweka kikombe chini, akainuka na kutangaza: "Anayeutaka mkeka wa fundi aache hapa ndala yake ya kushoto, arudi kwake na moja. Mkeka ukiwa tayari atarudishiwa."

Hapo ndipo nilipoona mambo. Mmoja akakumbuka ana mbuzi kamwacha kambani. Mwingine akasema ndala si zake, za shemeji. Wa tatu akagundua kwamba msiba wenyewe si wa kwao. Wakaondoka wote arobaini na ndala mbili mbili, na ukuta ukawafuata nyuma polepole, umechoka lakini umeridhika.

Nimebaki kwenye mkeka nalia, na wala sioni haya kusema hivyo.

Anatokea mwanamke kutoka uani, alikokuwa akiwapikia watu wa msiba tangu alfajiri. Ana masizi hadi kwenye viwiko. Anageuka huku na huku akitafuta pa kuegemea. Siku zote akimaliza kupika, ukutani huwa pameshajaa. Namwangalia vizuri: ni mke wangu.

Watu arobaini niliwauliza, yeye sikumuuliza.

Anavua ndala ya kushoto, ananitia mkononi.

"Mkeka mmoja tu," anasema. "Na mbao za paa usiziguse."

Nikazinduka. Kumeshakucha, mvua inanyesha, na huko uani mke wangu anapuliza moto, mwavuli kaubana begani.

"Baba Shani!" akaita. "Ndala yangu ya kushoto umeiona? Nimetafuta nyumba nzima, nakanyaga matope tu hapa!"

Nikafunua shuka. Ilikuwa mkononi mwangu, nimeikamata hasa, na alama za vidole vya masizi bado mbichi juu yake.

Nilitoka nayo mvuani. Nikamwambia ageuke kwanza nimpime mgongo, halafu anishikie ngazi nipandishe mbao.