Kinu cha Mama Clémentine

Rachida aliivuta ngozi ya mbuzi iliyolowana juu ya duara la dufu, akagongelea msumari upande huu, kisha upande unaouelekea, ili ngozi isipinde. Nyuma ya ua wa mianzi jirani yake, Mama Clémentine, alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo. Tu, tu, tu.

"Mama, nianze?" aliuliza binti yake Djamila.

"Anza, mwanangu."

Maulidi ilikuwa keshokutwa. Kikundi cha akina mama wa Kabambare kingefika kwa pikipiki, na Safia, aliyekuwa akiongoza kasida hapa Kasongo, alikuwa amehamia mji wa Salamabila kumfuata mume wake. Nafasi yake ya kuongoza sasa ilikuwa ya Djamila, aliyeitamani tangu utotoni. Safia alikuwa akisahau beti, akichelewa mazoezi, akicheka katikati ya wimbo. Lakini akifungua kinywa tu, kinu cha jirani kilinyamaza. Mama Clémentine ni Mkristo, maneno ya Kiarabu hayaelewi, ila mchi wake ulisimama hewani mpaka Safia amalize.

Djamila akaimba. Kila herufi ilitoka mahali pake, na pumzi aliikata pale alipofundishwa. Rachida, mwalimu wa kikundi, alisikiliza akitafuta kosa, maana kosa angeweza kulirekebisha. Hakulipata.

Tu, tu, tu.

"Narudia," Djamila akasema kabla ya kuambiwa. Akasogea karibu na ua, akapandisha sauti.

Katikati ya ubeti mchi ukanyamaza. Rachida akabaki na nyundo mkononi. Macho ya Djamila yakang'aa, akaendelea.

"Weye Naomie!" Mama Clémentine akaita. "Leta maji, hii sombe iko inakauka! Mutoto gani huyu, masikio umevaa kama mapambo?"

Kinu kikaanza upya.

Djamila akaukata wimbo. Kisha akasema polepole, "Kwa Safia alikuwa anaacha kutwanga."

"Pengine siku zile alichoka mikono."

"Mama, usinibembeleze. Safia alikuwa anafanya nini? Nionyeshe, nami nifanye."

Rachida alikitafuta kitu hicho. Pumzi alikwisha kumfundisha, na mkono wa dufu, na namna ya kukaa. Safia hakufundishwa hata nusu ya hayo.

"Sijui, mwanangu. Ningekijua, ningekupa wewe kwanza."

"Basi weka mtu mwingine."

"Hakuna mwingine. Ni wewe."

Neno lilikwisha kutoka ndipo aliposikia lilivyokaa: kana kwamba amemchagua kwa kukosa mwingine. Djamila aliinama, akaokota misumari iliyoanguka, akaiweka yote katika kiganja cha mama yake bila kumtazama.

Upande mmoja wa ngozi ulikuwa bado unaning'inia, na jua lilikuwa limeanza kuukakamaza. Rachida alijaribu kuuvuta. Haukuvutika. Akaufunika kwa kitambaa chenye maji, akalilaza dufu kivulini.

"Tutamalizia kesho," alisema.

Djamila alikuwa ameketi pale pale kando ya ua, akisikiliza kinu.