Winga wa Magunia

Okwach Ojwang alifika Mwanza mwaka 1990 kwa meli kutoka Musoma, akiwa na miaka ishirini na mitatu na barua ya katekista wa kijijini kwao Shirati iliyosema kwamba ni kijana mwaminifu. Barua haikutaja mpira. Mimi ndiye niliyeipokea, kwa sababu nilikuwa karani wa ajira katika kiwanda cha magunia cha serikali, na wakati huohuo katibu wa timu ya kiwanda. Nikamwandikisha kupakia magunia kwenye malori.

Siku ya tatu alikuja mazoezini pekupeku, akaomba kucheza kushoto. Kocha wetu alikuwa Machibya, mtu asiyesifu hata chakula cha mkewe. Baada ya nusu saa alinifuata pale nilipokuwa nimekaa.

"Venant," akasema, "huyo mtoe kwenye malori kabla hajavunjika mgongo."

Nikamtoa. Akaandikwa msaidizi wa stoo, cheo ambacho kazi yake hakuna aliyewahi kuijua.

Hakuwa na mbio za kutisha. Kilichowashinda mabeki ni kusimama kwake. Alikuwa anakwenda na mpira pembeni kabisa mwa chaki, mara anasimama, beki anapitiliza, yeye anaondoka tena. Watu wa Kirumba walimpa jina la Breki. Kwa misimu miwili alituvusha kutoka ligi ya mkoa mpaka kugonga mlango wa daraja la kwanza, na mwaka 1992 aliitwa kambi ya timu ya Taifa. Alirudi na traksuti ya bluu aliyoivaa hata kanisani. Mwaka huohuo akamwoa Selina, fundi cherehani wa Buswelu, na sherehe ilifanyika kwenye bwalo la kiwanda kwa gharama ya kiwanda.

Akipigwa viatu uwanjani hakulalamika. Kitu kimoja tu hakukiweza, nacho ni kuambiwa amefanya jambo ambalo hakulifanya. Mnyapara aliwahi kumshuku wizi wa kamba, na Okwach akakaa nyumbani siku nne, mpaka meneja mwenyewe alipomfuata.

Machi 1993 tulicheza Nyamagana na timu ya Shinyanga. Tukishinda, tunapanda daraja. Dakika ya themanini na tatu bado hapakuwa na goli. Okwach akapokea mpira kushoto, akasimama, akamwacha beki, akafunga. Uwanja ukalipuka. Kisha tukasikia filimbi. Refa alisema ameotea.

Refa alikuwa Mihayo, mwalimu wa shule ya msingi huko Usagara, mtu mwembamba wa miaka arobaini na kitu. Alikuwa anatembea kuelekea pembeni mwa uwanja. Okwach alimfikia kabla yetu. Alimpiga ngumi moja tu, ya jicho la kulia. Mihayo alianguka na hakuinuka mpaka alipobebwa. Daraja hatukupanda.

Mahakama ilimtoza Okwach faini, na chama cha mpira kikamfungia miaka mitatu. Jicho la Mihayo likabaki linaona ukungu, hakuchezesha tena. Machibya aliamini adhabu ingepunguzwa kama kijana angeomba radhi, kwa hiyo niliandika barua nikampelekea aitie sahihi. Aliisoma akiwa amesimama mlangoni kwake.

"Siwezi."

"Huombi radhi kwa goli. Ni kwa ngumi."

"Nikiomba kwa ngumi watasema nimekubali na la goli. Sikuotea, Venant."

Akanirudishia karatasi.

Mwaka uliofuata hapakuwa na timu ya kufungiwa. Pamba iliachwa huru, wanunuzi binafsi wakaja na mifuko yao kutoka nje, na magunia yetu yakarundikana mpaka darini. Kiwanda kikauzwa. Aliyekinunua alitaka majengo tu. Akayafanya ghala la mitumba. Machibya alirudi kwao Misungwi kulima. Mimi nikapata ukarani katika kiwanda kipya cha minofu ya sangara. Okwach akaenda Busisi kuvuta nyavu za watu, akarudi na mgongo mbovu.

Kifungo kilipokwisha mwaka 1996, kiwanda cha minofu kilikuwa kimeanzisha timu. Nilimwombea nafasi ya majaribio. Jina lake lilivuta watu. Walijaa pande zote za uwanja. Mara ya kwanza alipopata mpira, alisimama kama zamani. Beki, kijana asiyewahi kumwona akicheza, naye akasimama. Okwach akataka kuondoka, mguu ukachelewa, mpira ukachukuliwa. Ikawa hivyo mara tatu. Dakika ya ishirini alinyoosha mkono mwenyewe, akaomba kutolewa. Wiki hiyo alianza kazi kwenye chumba cha kukatia minofu, na buti nyeupe za mpira.

Selina ndiye aliyemsukuma aende Usagara. Nilikuwepo kwao siku aliposema.

"Kamwone yule mwalimu."

"Nikamwambie nini?"

"La kusema utalipata hukohuko. Kila ugali ukiiva unatuletea hilo goli mezani. Mimi nimechoka kulila."

Tulikwenda sote wawili, mimi na Okwach, Jumamosi asubuhi. Mihayo alikuwa uani na mkewe Bernadeta wakianika michembe ya viazi. Bernadeta alimtambua Okwach mara moja. Akaacha kazi yake, akasimama karibu na mumewe.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Kaeni."

Okwach hakukaa. "Nimekuja kwa lile jambo."

"Lipi? La ngumi au la goli?"

"La ngumi. Nisamehe."

Mihayo alifuta mikono kwenye suruali. "Nimekusikia. Na mimi nina la goli. Nilipopuliza, nilimtazama mshika kibendera, Chenge. Alikuwa amekishusha kibendera chini. Nikajua nimeharakisha. Nilikuwa namfuata nimuulize, kisha nikubali goli. Wewe ukanikuta njiani."

Kibendera kikiwa chini sote tulikiona. Lakini kule kutembea kwake pembeni, sote tulidhani anatukimbia.

"Zilibaki hatua ngapi?" Okwach akauliza.

"Kama kumi."

Ndipo alipokaa.

"Mbona hukuyaandika hayo kwenye ripoti?" nikauliza mimi.

"Jicho lilikuwa linaniuma," Mihayo akasema. "Nikasema, na yeye akae nje."

"Mimi nilimwambia aandike," Bernadeta akasema. Kisha akaingia jikoni.

Tulikula pale ugali na mlenda. Hakuna aliyelia wala kukumbatiana. Mihayo aliuliza habari za minofu, inakwenda nchi gani, na Okwach akamweleza vizuri sana, kwa utaratibu, jinsi ya kumtoa sangara mfupa bila kuuharibu mnofu.

Tukiwa barabarani tunangoja gari la kurudi mjini, alinishika mkono.

"Usimwambie mtu kwamba lilikuwa goli."

"Kwa nini? Si ndilo ulilolitaka miaka yote?"

"Watasema nilikuwa na haki ya kumpiga."

Gari lilikuja limejaa. Tukaliacha lipite, tukaanza kutembea kuelekea Mwanza, yeye akiwa mbele kidogo, akiutunza mgongo wake.